VITOWEO VYA HOTELI NA VITOWEO VYA NYUMBANI
Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima: Delta ya Rufiji na Kibiti

Mwenye kitabu na akifungue, na mwenye kalamu aishike. Aliyesahau miwani nyumbani na akae karibu na jirani yake, wasome pamoja.

Leo hatutasoma habari za wafalme. Leo tutasoma sahani. Msicheke, maana sahani nayo ni kitabu, na mtu akijua kuisoma atapata humo habari za miaka mingi.

Fikiri kwamba umetoka delta, umepanda mashua mpaka Nyamisati, kisha umepanda gari mpaka Kibiti, kwenye barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Njaa inakuuma. Unaingia hoteli, unaagiza chakula. Sahani inaletwa. Katikati pana wali. Kando yake pana maharage ya nazi, na mchicha, na kachumbari. Juu pana kipande cha ndimu na pilipili moja. Unakula, unalipa, unafurahi. Ukifika nyumbani unamwambia mwenzako, "Hoteli wanajua kula. Sisi hapa ni ugali na samaki, basi."

Sasa nakuuliza: yule mwenye hoteli amevitoa wapi vitoweo vile? Tukimaliza somo hili utajua kwamba vingi amevitoa shambani kwako na katika jiko la bibi yako. Wewe umevinunua tena kwa fedha.

Tuanze na neno lenyewe. Kitoweo ni kitu cha kulia wali au ugali. Bila kitoweo wali hushuka kwa shida, na ugali zaidi. Ndiyo maana wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni akija, nyumba hutafuta kitoweo kizuri, na mwenyeji naye hupata. Basi tangu zamani watu wetu walijua tofauti ya chakula cha kushiba tu na chakula cha heshima.

Je, desturi ya kuzungusha vitoweo vingi kando ya wali ni ya juzi? Hapana. Katika mwaka wa 1331 msafiri mmoja kutoka Moroko, jina lake Ibn Battuta, alipita katika pwani hii. Alifika kwanza Mogadishu, akapokewa kama mgeni wa heshima. Akaandika habari za chakula alichopewa. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli katika sahani kubwa ya mti. Juu yake viliwekwa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake aliletewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Tena palikuwa na maziwa ya mgando, na pamoja nayo malimau yaliyotiwa siki na chumvi, na pilipili, na tangawizi mbichi, na maembe. Akasema kwamba watu wale wakila tonge la wali, hufuatisha kidogo cha vile vitu vikali na vichachu.

Mnasikia, ndugu zangu? Hiyo ni achari. Imepita karibu miaka mia saba, na mpaka leo watu wa pwani wanakula vivyo hivyo: tonge la wali, kisha kidogo cha kitu kichachu. Kutoka Mogadishu Ibn Battuta alikwenda Mombasa, kisha Kilwa. Basi lazima alipita bahari hii yetu, ama ndani ya kisiwa cha Mafia ama nje yake, mbele ya midomo ya mto Rufiji.

Wala yeye hakuwa mgeni wa kwanza wa pwani hii. Katika miaka ya 1990 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mahali paitwapo Mkukutu, karibu na Kibiti, akapata shanga za zamani sana zilizotoka nchi za Warumi. Shanga hazitembei zenyewe. Palipofika shanga, wafanya biashara walifika pia. Na wafanya biashara hubeba mbegu.

Sasa rudi kwenye sahani yako, tuisome kitu kwa kitu.

Mpunga asili yake ni Asia. Nazi ni ya huko, na embe, na tango, na ndimu pia. Hivi vilivuka Bahari ya Hindi. Neno kachumbari limetoka kwa Wahindi, na achari ni neno la Waajemi lililoenea Uhindini. Kunde, bamia na tikiti maji ni vya Afrika yetu wenyewe. Lakini mihogo, mahindi, maharage, nyanya, korosho na pilipili kali za leo asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini. Vilianza kuvuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, na wao wana sehemu kubwa katika habari za kuenea kwa mazao hayo.

Basi utaona jambo moja la ajabu. Pilipili aliyopewa Ibn Battuta haikuwa hii tunayoijua leo, maana wakati wake pilipili kali ilikuwa bado haijavuka bahari. Kachumbari ya nyanya naye asingeweza kuila. Kisamvu asingekiona popote. Vitu tunavyoviita "vya asili" vingine vilikuja kama wageni, na bibi zetu wakavifundisha adabu za jiko letu. Majani ya muhogo walijua kuyatwanga. Wakayatia tui la nazi, mti wa Asia. Mmea wa Marekani na tunda la Asia vikakutana katika chungu cha Rufiji. Huo ni ufundi mkubwa, wala haukutoka hoteli.

Sasa tuzungumze habari za mto. Mto Rufiji hufurika. Mtu wa mbali husikia "mafuriko" akaogopa, na kweli mafuriko makubwa huua na kuharibu. Lakini mafuriko ya kadiri yalikuwa baba wa kitoweo. Maji yakishuka huacha udongo mweusi wenye rutuba na unyevu. Hapo watu walipanda mazao ya mlao: mahindi, kunde, maboga na matango. Walijenga dungu, nyumba ya juu ya nguzo, wakakaa humo kulinda shamba na ndege na nguruwe. Mama aliyekaa dunguni alikuwa na majani ya kunde na ya maboga mlangoni pake, na samaki katika mabwawa yaliyoachwa na maji. Huko chini delta, katika misitu mikubwa ya mikoko, watu walilima mpunga na kuvua samaki na kamba. Katika karne ya 19 mpunga wa Rufiji ulipakiwa majahazini ukapelekwa Unguja. Basi nchi hii ililisha wengine.

Lakini meza ya watu wetu ilivunjwa mara nyingi. Wakati wa Wadachi watu walilazimishwa kulima pamba. Katika mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Matumbi, kusini ya Rufiji, vikaenea mbali. Baada ya vita njaa kubwa ilikuja, maana mashamba na akiba za chakula vilichomwa moto. Wakati huo mtu hakuuliza kitoweo gani. Alichimba mizizi porini.

Kisha mwaka 1968 mto ulifurika sana. Serikali ikahamisha watu wengi kutoka bondeni ikawaweka katika vijiji vya ujamaa, mahali pa juu. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Rufiji. Watu walipata kuwa karibu na shule, na zahanati, na barabara. Hayo ni mema. Lakini shamba la mlao likawa mbali. Mama aliyezoea kuchuma majani mlangoni sasa alitembea mwendo mrefu kwa fungu moja. Basi siku nyingine aliona heri kukaa, na sahani ikabaki na ugali na kitu kimoja tu.

Mwaka 1975 palikuwa na mafundisho ya redio kwa nchi nzima, yaitwayo Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, kama ninyi leo, wakasikiliza na kujadiliana juu ya vyakula vinavyojenga mwili. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, na watu wakaacha kungoja kivuko cha Ndundu. Magari yakaongezeka, na magari yanataka abiria, na abiria wanataka kula. Na mwezi wa Aprili 2024 mafuriko makubwa yalipiga tena Rufiji na Kibiti, yakaharibu mashamba na nyumba. Waliopatwa wanajua vema kwamba kitu cha kwanza kupotea mezani ni kitoweo.

Kwa nini nasema hayo yote? Kwa sababu kitoweo si anasa. Ugali hutupa nguvu, lakini kunde, maharage na samaki hujenga mwili wa mtoto. Majani mabichi ya rangi nzito na embe lililoiva hulinda macho. Mafuta ya nazi husaidia mwili kupokea nguvu ya majani hayo. Ndimu husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga na kunde, nayo ni ya kuongeza damu. Basi aliyeweka ndimu kando ya mchicha hakuweka pambo. Aliweka dawa.

Sasa tujifunze vitoweo vitatu vya hoteli, tuvipike nyumbani.

Cha kwanza, kachumbari. Kata vitunguu vyembamba. Vitie chumvi, vifikiche kwa mkono, kisha vioshe kwa maji safi na kuvikamua. Hapo ukali hutoka. Hii ndiyo siri ya hoteli, wala hakuna nyingine. Ongeza nyanya na tango, kamulia ndimu, tia chumvi kidogo. Kumbuka: kachumbari haipikwi, kwa hiyo maji ya kuoshea yawe yamechemshwa, na mikono iwe imenawa kwa sabuni. Kipindupindu hakijali utamu wa chakula. Tena iliwe siku ile ile.

Cha pili, kisamvu cha nazi. Chuma majani machanga ya muhogo, yatwange kinuni mpaka yalainike. Yachemshe kwa maji mengi, na uache sufuria wazi ili mvuke utoke. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, na kutwanga na kuchemsha sana ndiko kunakoitoa; usifanye haraka. Kuna nazi kwa mbuzi, chuja kwa kifumbu. Tui jepesi litangulie pamoja na kitunguu na chumvi. Tui zito litiwe mwisho, ukikoroga polepole lisikatike. Ukiwa na kamba wakavu kidogo, watie.

Cha tatu, achari ya embe. Msimu wa maembe matunda huoza chini ya miti, na baada ya miezi michache tunanunua achari dukani. Kata maembe mabichi vipande, yatie chumvi, yaanike juani siku mbili au tatu. Saga pilipili, kitunguu saumu na bizari, changanya na siki. Chupa ichemshwe na kukaushwa kwanza. Pakia, funika, na utumie kijiko kikavu daima. Hiyo itakaa miezi mingi, nayo itakuwapo hata mto ukichukua bustani.

Ukiwa na hivi vitatu, hata sahani ya ugali na samaki wa ng'onda itakuwa sahani ya heshima. Si lazima kuvipika vyote kila siku. Leo weka viwili: kimoja laini, kimoja kichachu. Kesho badili.

Wala sisemi msile hoteli. Mama lishe wa Kibiti anafanya kazi ya halali, na msafiri lazima ale. Nasema tu kwamba ukila kwake, usidhani yeye ana elimu ambayo bibi yako hakuwa nayo. Yeye ameiweka elimu hiyo mezani, na wewe umeisahau shambani. Mwulizeni kila mzee aliye hai: alikula nini na ugali alipokuwa mtoto? Andikeni majibu yake. Sasa mnajua kuandika. Basi habari hizo zisife naye.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini Ibn Battuta hakuweza kula kachumbari ya nyanya?
2. Mlao ni nini? Unalimwa wakati gani wa mwaka?
3. Kuhamia mahali pa juu kulileta faida gani, na kulipunguza nini katika sahani?
4. Kwa nini kisamvu lazima kichemshwe sana?
5. Kila mmoja aandike majina ya mboga tano zinazoota karibu na nyumba yake, na jinsi mama yake alivyozipika.

Somo letu limekwisha. Wiki ijayo kila mtu alete maandishi yake, na atakayeweza alete kionjo. Kwaherini.