Seli za ini kutokana na seli shina za kiinitete
Ni seli za ini zinazokuzwa maabara kutokana na seli shina za kiinitete, ambazo James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alizitenga kutoka viinitete vya binadamu mwaka 1998. Njia hii hufuata hatua za ukuaji wa mimba: protini iitwayo aktivini A huzielekeza seli kuwa tabaka la ndani la kiinitete, BMP4 na FGF, protini ambazo kiasili hutoka kwenye moyo unaochipuka na tishu jirani, huanzisha ini, kisha protini nyingine, HGF na onkostatini M, huzisaidia kukomaa. Kazi huchukua takriban wiki 3. Seli hizo hutoa albumini, lakini huendelea kutoa alfafetoprotini, dalili ya ini changa, na vimeng'enya vyake vya kuvunja dawa ni dhaifu. Huo ndio ugumu mkubwa, maana seli hizo zinatarajiwa hasa kutumika kupima sumu ya dawa kabla haijamfikia mgonjwa.