Reli, Maji na Makauboi wa Makongeni

Picha ya kauboi ni kesi ya ardhi iliyovalishwa kofia. Nasema hivyo nikiwa mtoto wa reli, mzaliwa wa Makongeni, Nairobi, mwana wa fundi wa karakana, na mwalimu wa historia aliyestaafu. Wanaosimulia burudani za Eastlands hutaja ndondi, kandanda na dansi za Jumamosi, kisha picha za kauboi wakazipita juu juu kana kwamba zilikuwa mchezo wa watoto. Wazee wetu nao walikuja kuzitazama, na walikuwa na sababu zao.

Kwanza tulizionea uwanjani. Gari la sinema lilifika jioni likiwa na kipaza sauti juu ya paa, kitambaa cheupe kikatundikwa, yakatangulia matangazo ya sabuni na mawaidha ya usafi, ndipo farasi wakaja. Kulikuwa pia na ukumbi wa Kaloleni, katikati ya mtaa uliojengwa miaka ya 1940. Mwenye senti alitembea: Jogoo Road, ambayo wazazi waliendelea kuiita Doonholm, kisha Landhies, Muthurwa, Kariokor, hadi jumba la sinema la Shan kule Ngara, au akasogea mpaka Liberty, Pangani. Kabla ya uhuru mambo yalikuwa magumu zaidi. Majumba ya mjini yaligawa watu kwa rangi, na wakaguzi wa serikali ya kikoloni walizichuja filamu kwa kuangalia rangi ya mtazamaji.

Iliyotushika kuliko zote ni Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone, iliyotoka 1968 na kutufikia baadaye. Familia nzima inauawa shambani kwa sababu chini ya ardhi ile kame kuna maji, na injini ya mvuke haiwezi kuvuka nyika bila maji. Mwenye kisima ndiye mwenye stesheni, na mwenye stesheni ndiye mwenye mji. Tajiri wa reli, Morton, amelemaa. Hutembea ndani ya behewa lake kwa kushikilia vyuma, na tamaa yake ni kufika Bahari ya Pasifiki kabla ugonjwa haujammaliza. Baba alizijua injini. Alikuwa amezihudumia zile Garratt za daraja la 59 zilizopewa majina ya milima, kama Mount Gelai ambayo ingali kwenye Makumbusho ya Reli. Ilipobainika kwamba mwenye shamba aliyeuawa alikuwa ameagiza mbao za kujengea stesheni, Baba aliniinamia akasema, "Kijana, hiyo ni Nairobi hiyo."

Na ndivyo ilivyokuwa. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899, ikapiga kambi kwa sababu palikuwa tambarare kabla ya mpando wa kuelekea Limuru, na kwa sababu ya maji baridi ambayo Wamaasai waliyaita Enkare Nyirobi. Mji haukuwapo, kulikuwa na malisho na mto. Depo ikazaa mji, mji ukaleta sheria, na sheria ikaanza kuuliza nani alale wapi. Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa 1904, na waliopelekwa Laikipia wakahamishwa tena kuanzia 1911. Mwafrika aliyekuja kutafuta kazi alivishwa kipande cha utambulisho shingoni na kuonyeshwa upande wa mashariki: Pumwani mapema miaka ya 1920, kisha Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati.

The Man Who Shot Liberty Valance ya John Ford, ya 1962, ina bunduki chache na maneno mengi, na vijana waliipigia mbinja kwa kukosa subira. Mimi naiweka juu sana. Wakili anayeosha vyombo jikoni anafungua darasa la kusoma na kuandika ili watu wa Shinbone waweze kupiga kura dhidi ya wenye ng'ombe. Kwetu nako, Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, na Tom Mboya, aliyehutubia mara nyingi katika ukumbi huohuo wa Kaloleni, akashinda kiti cha Nairobi. Elimu na kipato vilimwongezea mtu kura, hadi tatu. Asiyekuwa navyo alibaki nje, kama Pompey, yule mtumishi mweusi aliyechezwa na Woody Strode, anayekaa barazani na bunduki mapajani huku weupe wakipiga kura ndani.

Kuna jambo linaloniuma mpaka leo. Tulimshangilia kauboi. Wahindi Wekundu walipoanguka kutoka kwenye farasi tulipiga makofi, sisi ambao babu zetu walihamishwa kwa bunduki zile zile. Mpaka tulipoiona Buck and the Preacher, aliyoiongoza Sidney Poitier mwaka 1972 akiigiza na Harry Belafonte: watumwa walioachwa huru wanaelekea magharibi kutafuta ardhi, na waajiriwa wa mabwana wa zamani wanawafuata kuwarudisha mashambani. Siku hiyo wazee wa Kariokor, mtaa uliopata jina kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, walitoka kimya.

Makauboi Django na Trinity ni habari nyingine. Kila mtaa ulikuwa na kijana wa mojawapo ya majina hayo na kofia yake. Zilipoingia video, vibanda vya Eastlands vikazirithi picha hizi, na DJ Afro akatokea kuzisimulia filamu za kigeni kwa lugha ya mtaani. Wajukuu wangu wanamjua yeye kabla ya kumjua John Wayne, na sioni kosa.

Kinachonihuzunisha ni kwamba kisa cha Leone hakijaisha huku kwetu. Ardhi ya nyumba za wafanyakazi wa reli Muthurwa ilipita mikononi mwa mfuko wa pensheni, na mwaka 2010 wapangaji wakapewa siku 90 wahame. Walikwenda kortini. Agosti 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki yao ya makao na ya utu ilikuwa imekiukwa.