Klabu ya Python na tanuri la chuma: ujuzi hukaa wapi?

Msomaji wetu, tuanze na swali dogo. Pale chuoni kwako, ile klabu ya Python (au ya R, au ya Java, jina si tatizo) bado ipo? Simaanishi kundi la WhatsApp ambalo siku hizi linapokea salamu za Ijumaa na matangazo ya viatu. Namaanisha watu wanaokutana, wanafungua laptopu, mmoja akikwama mwingine anamsogelea.

Kama jibu lako ni "ilikuwepo", makala hii ni ya kwako. Na kama wewe ni wa kwetu, Karagwe au Kyerwa, ni ya kwako mara mbili. Sababu ya klabu hizi kufa, na namna ya kuzizuia zisife, sehemu yake imezikwa kwenye udongo wa Kagera. Twende pamoja.

Wazee waliojenga tanuri upya

Mwaka 1976, mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alikuwa Buhaya, kwa majirani zetu wa upande wa ziwani. Eneo la Kemondo lilikuwa na mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma, mengine ya zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Schmidt alitaka kujua yalifanyaje kazi. Basi akawaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani wajenge tanuri tena, wayeyushe chuma kama zamani.

Tatizo likawa moja. Kazi yenyewe ilikuwa imekoma miongo kadhaa nyuma, baada ya chuma cha kigeni kujaa sokoni. Wazee walikuwa nayo kichwani, ila haikuwa mikononi tena. Ilibidi wakae pamoja, wajaribu, wakosee, wasahihishane. Udongo wa kichuguu wa kujengea tanuri, majani ya bwawani ya kuchoma chini yake, mabomba ya udongo ya kupitishia hewa, mivukuto: kila kitu kina namna yake, na namna hiyo haikuandikwa popote.

Mwishowe chuma kikatoka. Mwaka 1978 Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery wakaandika kwenye jarida la Science kwamba mabomba yale, kwa kuingia ndani ya tanuri, yalipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa, na kwamba joto lilivuka nyuzi 1,800 za Selsiasi. Wataalamu wengine walibishia hoja ya kupasha hewa, na ubishi ukadumu miaka mingi. Ndiyo sayansi hiyo. Sisi leo tuangalie jambo jingine: jaribio liliwezekana kwa sababu watu waliowahi kuifanya kazi ile walikuwa bado hai. Lingecheleweshwa miaka ishirini au thelathini, Schmidt angebaki na mabaki ya matanuri tu.

Sasa rudi nyumbani, Karagwe. Pale Bweranyange, yalikokuwa makao ya watawala wetu, palikuwa na vifaa vya enzi vya chuma, pamoja na sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa kwa ufundi mkubwa. John Hanning Speke alipofika kwa Rumanyika mwezi Novemba 1861, alikuta ufalme wenye mafundi wake. Baadhi ya vitu vile vimebaki hadi leo. Ila ng'ombe wa chuma humuulizi "ulitengenezwaje?" akakujibu. Wa kuulizwa ni fundi, na fundi hufa.

Shika hilo kichwani, tuhamie kwenye kompyuta.

Waliochoka kurudia kazi ileile

Klabu ya watumiaji ni kitu cha zamani kuliko lugha nyingi za programu tunazozijua. Mwaka 1955, huko Los Angeles, watu waliokuwa wakisubiri au kutumia kompyuta ya IBM 704 waliunda chama wakakiita SHARE. Wengi wao walitoka kwenye kampuni za ndege ambazo sokoni zilikuwa zikishindana vikali. Kwa nini washindani wakae meza moja? Kwa sababu mashine za wakati ule zilikuja karibu tupu. Kila kampuni ilikuwa ikilipa watu kuandika programu zilezile: ya kupanga namba, ya kukokotoa kipeo, ya kuchapisha majedwali. Wakaona ni ujinga. Wakaanza kupeana.

Miaka ishirini baadaye, tarehe 5 Machi 1975, watu wachache walikutana kwenye gereji moja ya Menlo Park, California. Klabu yao ikaitwa Homebrew Computer Club. Hapo hapakuwa na kampuni. Palikuwa na watu waliotaka kompyuta zao wenyewe. Steve Wozniak alikuwa mmoja wao, na alichokuja kukiita Apple I alikionyesha kwanza kwa wenzake wa klabu.

Na Python yenyewe? Guido van Rossum aliitoa hadharani mwaka 1991. Mkutano wa kwanza wa watumiaji wake ulifanyika Novemba 1994, Maryland, Marekani. Walikuja watu wapatao ishirini. Ishirini tu! Kwa hiyo siku ukiitisha kikao wakaja watu saba, usikunje uso.

Na sisi Tanzania?

Historia yetu ina mgeuko ambao wanafunzi wengi wa leo hawaujui. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta haikwenda vizuri, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ukitaka kuingiza, uombe kibali maalumu. Marufuku ikalegezwa polepole baadaye. Maana yake ni kwamba mwaka 1975, wakati wenzetu wa Menlo Park wanakutana gerejini, huku kwetu mtu wa kawaida asingeweza hata kuagiza mashine ya kukutania.

Ndiyo maana hatua ya mwaka 2004 ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwaka huo watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu OpenOffice ni programu huria: msimbo wake uko wazi, huhitaji kupiga magoti kwa mwenye nayo ili utafsiri menyu. Ikaonekana kwamba chuo cha hapa kinaweza kuwa mtengenezaji na si mnunuzi tu.

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam kwa chini ya bahari, intaneti ikaacha kutegemea setilaiti pekee. Baada ya hapo mambo yalikimbia. Mkutano wa kwanza wa PyCon Africa ulifanyika Accra, Ghana, mwaka 2019. Novemba 2023, DjangoCon Africa ya kwanza ikafanyika Zanzibar. Mwaka 2025 ikarudi Tanzania, safari hii Arusha. (Django, kama hujakutana nayo, ni zana ya kujengea tovuti kwa Python.)

Haikuwa mteremko. Mwishoni mwa 2023 jumuiya za Python za Afrika ziliandikia Python Software Foundation barua ya wazi kuhusu namna maombi ya fedha kutoka Afrika yanavyoshughulikiwa. Taasisi hiyo ikajibu hadharani, na mwaka uliofuata ikafungua vikao vya kila mwezi vya kujibu maswali ya waombaji. Jifunze hapa: waliosikilizwa ni watu waliokuwa wamejipanga pamoja.

Kosa letu

Sasa niseme la kwetu. Kwenye chuo nilichosoma shahada ya kwanza (jina nalihifadhi) tulikuwa na klabu nzuri. Tulikutana Jumatano jioni, watu kumi na tano mpaka ishirini. Mwenyekiti alikuwa kijana mmoja mwenye moyo sana. Ukumbi aliomba yeye, projekta aliazima yeye, mazoezi aliandaa yeye, na nywila ya akaunti ya klabu alikuwa nayo yeye. Akahitimu. Muhula uliofuata tulikutana mara mbili, watu wanne. Baada ya hapo, kimya.

Kwa muda mrefu nililaumu waliobaki kwamba ni wavivu. Siku nilipomsoma Schmidt nikajua ninawaonea. Klabu yetu ilikuwa tanuri lenye mzee mmoja.

Ujuzi wa programu unaonekana kama umeandikwa tayari: vitabu vipo, video zipo. Lakini ule unaoendesha klabu haumo humo. Ofisi gani inatoa ukumbi, na barua iandikwe kwa nani? Zoezi lipi linawavunja moyo wa mwaka wa kwanza? Umeme ukikatika tunafanya nini? Hayo ndiyo majani ya bwawani na udongo wa kichuguu.

Kwa hiyo, kama unaendesha klabu au unataka kuifufua, chukua haya manne:

1. Kila kazi iwe na watu wawili wa miaka tofauti. Wa mwaka wa tatu anaomba ukumbi akiwa na wa mwaka wa kwanza pembeni yake. Si "nitakuelekeza siku moja". Leo hii, twende wote ofisini.

2. Kuwe na daftari. Baada ya kila kikao andika mistari mitano: tulifanya nini, nani alikwama wapi, nini kilisaidia. Daftari likae mahali ambapo watu watatu wanaweza kulifikia, na nywila vilevile.

3. Usitegemee bando. Pakua vifurushi vya Python na mwongozo wake mara moja, weka kwenye fleshi, zigawe. Kikao kinachosubiri intaneti kitaahirishwa, na kikiahirishwa mara tatu kimekufa.

4. Mbadilishe kiti kabla ya mtu kuhitimu. Uongozi ukabidhiwe muhula mmoja mapema, ili mzee wa tanuri awepo wakati vijana wanakosea.

Likizo ya Karagwe na Kyerwa

Nimalizie na jambo linalotuhusu sisi wa wilaya hizi mbili, ambazo hadi 2012 zilikuwa moja. Wengi wetu tunasoma mbali: Mwanza, Dodoma, Mbeya, Dar. Likizo ndefu inatukuta nyumbani, na miezi ile kahawa bado inaanikwa. Kayanga, Nkwenda, Isingiro, Murongo, popote ulipo, kuna mwenzako anayesoma chuo kingine ambaye hujawahi kukutana naye. Watu watano wa vyuo vitano ni klabu.

Mna kazi ya kufanya? Mnayo, iko uani. Mkulima anapeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi kwa awamu. Leo kilo 60, wiki ijayo kilo 45. Kuna malipo, kuna makato. Rekodi ziko kwenye stakabadhi zilizokunjwa chini ya godoro. Programu ya Python ya mistari thelathini inatosha kusoma orodha ya tarehe, kilo na malipo, ikakwambia jumla na kinachodaiwa. Mtu wa mwaka wa kwanza anaiweza kwa vikao viwili. Mama yako ndiye mtumiaji wa kwanza, na niamini, hakuna mhadhiri atakayekuuliza maswali magumu kama ya kwake.

Tusidanganyane, programu hiyo haitaondoa butura. Anayeuza kahawa ikiwa bado mtini anauza kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno. Lakini familia inayojua msimu uliopita ilipata kilo ngapi na shilingi ngapi inaingia kwenye mazungumzo hayo ikiwa na namba yake mkononi. Na nyie watano mtakuwa mmeandika kitu kimoja pamoja, badala ya kila mmoja kukiandika peke yake chuoni kwake, kama zile kampuni za ndege kabla ya 1955.

Likizo ikiisha mtatawanyika. Sawa. Daftari libaki kwa yule anayeanza chuo mwaka huu, na kabla hujapanda basi, kaa naye saa moja, yeye ndiye ashike kibodi. Wewe simama pembeni. Akikosea, usimnyang'anye.