Kasha kubwa, vipande vichache: Gharama ya michezo ya ubao jijini Nairobi

MNUNUZI wa mchezo mpya wa ubao jijini Nairobi hulipia mchezo wenyewe, kisha hulipia hewa iliyofungiwa ndani ya kasha lake. Malipo hayo ya pili ni mada isiyokauka kila wapenzi wa michezo hii wanapokutana mikahawani na majumbani Westlands, Kilimani na Lavington kuonyeshana walichonunua karibuni. Kabla ya kadi kuchanganywa na dadu kurushwa, kifuniko huondolewa, trei ya plastiki huinuliwa, na mmoja wao huuliza ni kwa nini vipande vinavyoenea katika viganja viwili vimesafirishwa ndani ya kasha la ukubwa wa mto wa kulalia.

Michezo inayozungumziwa hapa si Ludo na Nyoka na Ngazi pekee, ambayo Wakenya wengi waliijua utotoni. Ni kizazi kilichovuma duniani baada ya Catan, mchezo uliobuniwa na Mjerumani Klaus Teuber na kuchapishwa mwaka 1995. Baadaye kulifuata mingine mingi, ukiwemo Ticket to Ride wa Alan R. Moon, ulioshinda tuzo ya Mchezo wa Mwaka nchini Ujerumani mnamo 2004, na Splendor wa Marc André, uliotoka 2014.

Splendor ndio mfano unaotajwa sana. Ndani yake mna kadi 90, vibao 10 vya wakuu na sarafu 40 za kuchezea. Vyote huingia katika mkoba mdogo wa bega bila kubanana. Hata hivyo, kasha lake la kwanza lilikuwa pana na la kina, na sehemu kubwa ya nafasi ilichukuliwa na trei. Kwa upande mwingine, Gloomhaven, uliotoka 2017, una uzito wa takriban kilo 10, na anayeubeba hawezi kulalamika kwamba ameuziwa hewa. Kwa hivyo ukubwa peke yake si kosa. Kinacholalamikiwa ni tofauti kati ya kasha na kilichomo.

Wachapishaji wana sababu zao, na baadhi ni za haki. Vipande vingi vya kadibodi huletwa vikiwa bado vimeshikana katika karatasi nene ambazo mnunuzi hutoboa mwenyewe; kasha hulazimika kutoshea karatasi hizo, na baada ya vipande kutobolewa, nusu ya nafasi hubaki tupu. Ubao nao una kikomo cha kukunjwa. Aidha, kiwanda kinachotengeneza makasha ya kipimo kimoja kwa michezo mingi hupunguza gharama. Sababu nyingine ni ya biashara tupu: dukani kasha kubwa huonekana kutoka mbali, na mnunuzi hukubali kwa urahisi zaidi kutoa fedha nyingi kwa kitu kinachojaza mikono.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Miaka ya 1930, Monopoly ilipoanza kuuzwa Marekani na baadaye Uingereza, yalikuwepo matoleo ambayo kasha lake lilikuwa dogo, la kubeba noti, nyumba na vipande tu, huku ubao uliokunjwa ukiuzwa pamoja nalo lakini nje yake. Wanunuzi wa leo wangeushangaa mpango huo, lakini ulifanya kazi.

Kwa mkazi wa Berlin au Chicago, kasha kubwa ni usumbufu wa rafu. Kwa mkazi wa Nairobi ni suala la fedha, kwa kuwa michezo mingi ya aina hii haipatikani kwa urahisi madukani humu. Maduka ya vitabu kama Text Book Centre katika jumba la Sarit, Westlands, huuza Scrabble, sataranji, Monopoly na mingineyo inayojulikana. Katikati ya jiji, maduka ya vifaa vya shule na ya bei ya jumla huuza Ludo na drafti za bei nafuu kutoka China. Anayetaka mchezo uliotoka mwaka jana aghalabu huuagiza ng'ambo, au humsihi jamaa anayerudi nyumbani auweke ndani ya sanduku lake la safari. Jamaa huyo naye ana kilo zake alizoruhusiwa na ndege, na ana viatu vya kuwaletea watu.

Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hazitozi kwa uzito wa mizani peke yake. Hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, kisha aghalabu hugawanya kwa 5,000 ili kupata uzito wa ujazo. Kati ya uzito huo na ule wa mizani, mkubwa ndio unaolipiwa. Kasha la sentimita 30 kwa 30 kwa 7 lina uzito wa ujazo wa kilo 1.26. Likitiwa ndani ya katoni ya kulilinda ya sentimita 32 kwa 32 kwa 10, uzito huo hupanda hadi kilo 2.05, hata kama mizani inaonyesha kilo moja.

Hesabu haikomei hapo. Ushuru wa forodha hukadiriwa kwa thamani ya bidhaa inapoingia nchini. Chini ya viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, vilivyoanza 2005, bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa asilimia 25. Kisha VAT ya asilimia 16 huwekwa juu ya thamani hiyo, nauli na ushuru vikiwemo. Kwa hivyo nauli ikipanda, kodi nayo hupanda mfukoni mwa mnunuzi, kabla ya ada nyingine za uagizaji. Kasha likiongeza nauli, mnunuzi hutoa fedha zaidi ya nyongeza hiyo, na hakuna hata kadi moja iliyoongezeka mezani. Kwa mwenye mshahara mnono wa Lavington hiyo ni kero. Kwa kijana wa Kangemi au Kawangware, mwendo mfupi tu kutoka hapo, fedha hizo ndizo huamua iwapo atamiliki mchezo wake au ataendelea kuwa mgeni katika meza za wenzake.

Kijana huyo ana tatizo jingine: matatu. Aliyetoka mjini jioni kwa nambari 23 au 46 akiwa na kasha la Catan magotini anajua kwamba pembe zake ndizo huumia kwanza.

Ajabu ni kwamba mji huu una michezo isiyohitaji kasha kabisa. Drafti ya walinzi na madereva wa teksi huchorwa juu ya kipande cha kadibodi au ubao, na kete zake ni vifuniko vya soda, upande mmoja ukivielekeza juu na mwingine chini. Pakiti moja ya karata hutosha kundi zima kucheza ule mchezo ambao vijana wa Kenya huuita poka, ingawa haufanani na poka ya Marekani. Bao la Kiswahili nalo, lenye mashimo 32 na kete 64, ni kasha na mchezo kwa pamoja. Wapenzi wa michezo ya kigeni hawaidharau hii. Wengi wao walianzia huko.

Wengine huvunja mila na kulitupa kasha. Vipande huhamishiwa katika mikebe ya majani chai au vyombo vya plastiki vya chakula, na michezo miwili au mitatu huishi pamoja. Ushauri unaotolewa sana ng'ambo, wa kutenga vipande katika vifuko vidogo vya plastiki, uligongana na sheria nchini: marufuku iliyoanza Agosti 28, 2017 iligusa mifuko ya kubebea na pia mifuko bapa ya plastiki. Vifuko vya kitambaa vilichukua nafasi, na fundi cherehani yeyote huvishona.

Wanaopinga kulitupa wana hoja nzito. Mchezo ukiuzwa tena, jambo la kwanza ambalo mnunuzi huuliza ni hali ya kasha. Michezo inayojitokeza katika masoko ya mitumba kama Toi, karibu na Adams Arcade, huonyesha sababu: ikikosa kasha, hakuna anayejua kama vipande vimetimia, na bei huanguka hata kama havijapungua.

Waliobaki na makasha yao huishia kwa maseremala wa Ngong Road. Rafu zinazopendwa na wachezaji wa Ulaya zina vyumba vya mraba vya takriban sentimita 33, na kasha la sentimita 30 huingia vyema humo. Ng'ambo rafu hizo hununuliwa zikiwa tayari. Huku mteja hufika na kasha lake tupu kwapani, fundi akalipima kwa futi kamba, na mapatano ya bei yakaanza.