Okapi wa Epulu: picha nzuri na lupango lisiloonekana

Wakongomani wengi wanaijua sura ya okapi ingawa hawajamwona hata siku moja. Redio iliyoanza kurusha matangazo mwezi wa Februari 2002 imebeba jina lake, na jina hilo linasikika hadi kwenye kambi za wahami, chini ya mahema, kwa watu wasiojua kama mnyama huyo analia au hana sauti. Picha yake pia inajulikana: miguu yenye milia kama ya punda milia, mwili wa rangi ya kahawia iliyokolea, kichwa kimegeuka kando, nyuma yake majani mabichi na mwanga laini wa asubuhi. Anaonekana yuko peke yake katikati ya msitu wa Ituri.

Karibu picha zote hizo, kwa muda wa karne nzima, zilipigwa kwa okapi aliyefungwa. Nyingi zinatoka mahali pamoja: Epulu, wilaya ya Mambasa, kando ya barabara RN4 inayokwenda Kisangani.

Wambuti na majirani zao wakulima walimjua okapi tangu zamani, wakamwinda na kuvaa mikanda ya ngozi yake. Wazungu walichelewa sana. Mwaka 1900 Mwingereza Harry Johnston, aliyekuwa mkubwa wa serikali huko Uganda, alikutana na Wambuti ambao Mjerumani mmoja alikuwa amewachukua ili akawaonyeshe watu Ulaya. Johnston aliwarudisha kwao, na wao wakamweleza habari za mnyama huyo. Vipande viwili vya ngozi alivyopeleka London viliwafanya wataalamu waamini kwamba ni aina ya punda milia. Mwaka uliofuata ilifika ngozi nzima pamoja na mafuvu, ikajulikana kuwa ni ndugu wa twiga. Johnston alikuwa hodari wa kuchora, akamchora okapi kwa kutazama ngozi. Picha ya kwanza ambayo dunia iliizoea ilitoka basi kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona mnyama mwenyewe akiwa hai.

Kisha ikaja kamera. Herbert Lang na kijana James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la New York, walizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo tangu 1909 hadi 1915. Lang alirudi na picha karibu 10,000: za wafalme, mafundi wa chuma, wachonga pembe, wanyama waliouawa. Okapi wa porini akiwa hai hakuwezekana. Ana masikio makubwa, anasikia hatua za mtu kabla mtu hajamwona, na rangi yake inapotea kivulini. Lang alipata ndama mmoja aliyekamatwa, akampiga picha, lakini ndama huyo hakuishi.

Tatizo la pili lilikuwa mwanga. Mwenye kupita chini ya miti ya mbau anajua giza lake saa sita mchana. Filamu za wakati ule zilihitaji mwanga mwingi, na okapi mwenyewe ni mtihani kwa mpiga picha: mwili karibu mweusi, milia meupe. Mwanga ukitosha mwili, milia inaungua na kuwa doa tupu. Ukitosha milia, mwili unakuwa kama makaa. Jua kali likipenya majanini ni vibaya zaidi, maana mnyama anajaa madoa na milia haisomeki tena.

Ndiyo maana Epulu ilipendwa. Miaka ya 1930 Mmarekani Patrick Putnam alijenga kambi yake ukingoni mwa mto, akafuga wanyama, na wageni waliopita barabarani walilala kwake na kupiga picha. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliweka pale kituo cha kukamata okapi, chini ya Mreno Jean de Medina. Wambuti walionyesha njia ambazo mnyama huzipita, mashimo yakachimbwa na kufunikwa kwa matawi. Aliyetumbukia alipitishwa kwenye kijia cha uzio, akazoeshwa watu, akasafirishwa. Kabla ya hapo mmisionari wa Buta, Bruda Hutsebaut, alikuwa amekwisha kulea okapi kadhaa, na mmoja wao alifika New York mwaka 1937.

Malupango ya Epulu yalikuwa ndani ya msitu wenyewe, na hapo ndipo ujanja wa picha ulipopatikana. Miti ilibaki, ila imepunguzwa kiasi, mwanga unafika chini. Mpiga picha alingoja asubuhi, au siku ya mawingu mepesi, ambapo mwanga unaenea sawasawa na milia inatoka safi. Alisogeza lensi karibu kabisa na senyenge na kuifungua wazi, senyenge ikayeyuka kama ukungu, haionekani tena. Alikwepa flashi, kwa sababu macho ya okapi yanawaka nayo, na picha inajisema yenyewe kwamba ni ya usiku au ya zizini. Alichagua upande usio na mlango wala chombo cha maji. Halafu alisubiri mnyama ageuze kichwa na kunyoosha ulimi wake mrefu kuchuma jani.

Lakini jani lile lilikuwa limeletwa. Kila siku Wambuti waliingia msituni kukata matawi, kwa sababu okapi hula majani ya aina zaidi ya mia na si rahisi kumdanganya kwa majani ya aina nyingine. Walifunga mafungu, wakayabeba na kuyatundika juu kwa kamba, mnyama ale kama anavyokula porini. Mpiga picha alikata kamba kwenye picha, na yule aliyeifunga akaachwa nje pamoja nayo. Wasomaji wa magazeti ya Ulaya waliona msitu usio na watu, wakati kila kitu mbele ya kamera kilikuwa kimepangwa na mikono ya watu.

Kituo kilipita katika vita na miaka ya kusahauliwa, kikafufuliwa mwaka 1987 na mradi wa kuhifadhi okapi pamoja na watumishi wa hifadhi. Mwaka 1992 msitu ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Okapi, mwaka 1996 ukaingia katika Urithi wa Dunia, na mwaka 1997 ukawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Picha za okapi zilizotafutia hifadhi marafiki na fedha zilikuwa tena za wale wale wa malupangoni. Si uongo wa kulaumiwa sana: bila picha hizo, nani huko mbali angemtetea mnyama asiyeonekana?

Okapi wa porini alikuja kunaswa na kamera mwaka 2008, huko Virunga, kwa kamera zilizofungwa mitini na kuachwa zijipige zenyewe. Picha zile hazikupangwa na mtu. Hata hivyo milia ilitosha kuwatenganisha wanyama watatu, kwa kuwa kila okapi ana milia yake, haifanani na ya mwingine.

Tarehe 24 Juni 2012, alfajiri, kundi la Mai-Mai Simba la Morgan lilishambulia Epulu. Sababu ilikuwa kulipiza kisasi: walinzi wa hifadhi walikuwa wakizuia ujangili wa tembo na uchimbaji wa dhahabu. Watu waliuawa, walinzi wakiwamo, nyumba zikachomwa, wanakijiji wakakimbilia msituni. Okapi 14 wa kituo walikufa kwa shambulio hilo. Hawakuweza kukimbia kama watu, kwa sababu ya uzio ule ambao kamera ziliuficha miaka yote.

Malupango yalibaki matupu. Picha zao bado zinazunguka kwenye kalenda na simu, na chini yake imeandikwa kwamba ni okapi katika msitu wa Ituri. Aliyewakatia majani kila asubuhi anaweza bado kuitazama milia na kusema huyu alikuwa yupi, na alikaa lupango lipi.