Upeo wa matumizi ya oksijeni

Upeo wa matumizi ya oksijeni ni kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho mwili huweza kutumia kwa dakika moja katika mazoezi makali. Hutajwa kwa mililita kwa kila kilo ya uzito. Msingi wa dhana hii uliwekwa katika miaka ya 1920 na mwanafiziolojia Mwingereza Archibald Hill, aliyejipima mwenyewe akikimbia huku amebeba mfuko wa kukusanyia hewa aliyoitoa.

Kwa wastani upeo wa wanawake ni mdogo kuliko wa wanaume. Moyo wao ni mdogo, hivyo husukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo. Damu yao ina himoglobini pungufu. Na sehemu kubwa zaidi ya uzito wao ni mafuta, si misuli. Hata hivyo, mwanamke mkimbiaji humzidi kwa mbali mwanamume asiyefanya mazoezi.

Baada ya umri wa miaka 30 upeo hushuka kwa takriban asilimia 10 kila muongo, polepole zaidi kwa wanaoendelea na mazoezi. Sababu mojawapo ni kupungua kwa kasi ya juu ya mapigo ya moyo, ambako mazoezi hayakuzuii. Kanuni maarufu ya kupata kasi hiyo kwa kutoa umri kutoka 220 ni makadirio tu. Huweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi.

Pasipo maabara, upeo hukadiriwa kwa jaribio la Kenneth Cooper, daktari wa Marekani, la mwaka 1968: kukimbia dakika 12 na kupima umbali.