Mkazo wa Sauti katika Vitenzi vya Kihispania

Sisi tuliolelewa katika Kiswahili hatupati taabu ya kutafuta mahali pa mkazo. Maneno yetu, isipokuwa machache kama barábara, yaani sawasawa, hukazwa katika silabi ya pili toka mwisho. Twasema píga; tukisema pigána, mkazo nao husogea. Basi ajifunzaye Kihispania kwa desturi hiyo atapotea, kwani huko canto ni "naimba", na cantó ni "aliimba". Silabi ni mbili tu, can na to. Mkazo peke yake umebadili mtenda na wakati.

Sababu yake yapatikana katika Kilatini, mama wa lugha hiyo. Warumi walisema canto, wakikaza mwanzo. Na cantavit, wakikaza silabi ya katikati. Karne zilipopita, mwisho wa cantavit ulichakaa katika vinywa vya watu, na sauti zilizosalia zikaungana kuwa o moja. Mkazo haukuhama; neno ndilo lililokatika nyuma yake. Vivyo hivyo cantare ilipoteza irabu yake ya mwisho, ikawa cantar, mkazo ukabaki ukingoni.

Lakini si kila mahali urithi ulishinda. Warumi walikaza cantabamus, "tulikuwa tukiimba", katika silabi ya ba. Wahispania wakauvuta mkazo nyuma, cantábamos, upate kulingana na cantaba na cantabas.

Antonio de Nebrija, aliyechapa sarufi ya Kikastilia huko Salamanca mwaka 1492, alitenga kitabu chake cha pili kwa habari za silabi na mkazo. Chuo cha Kifalme cha lugha hiyo kiliundwa mwaka 1713, na mwaka 1741 kikatoa kitabu cha tahajia.

Kanuni ya leo ni hii. Kwanza gawanya silabi: konsonanti moja kati ya irabu huifuata irabu ya mbele, mbili hutengana, can-tar, ila jozi kama bl na br hazitengani, ha-blar, a-brir. Kisha tazama mwisho. Neno liishialo kwa irabu, n au s hukazwa silabi ya pili toka mwisho. Mengine hukazwa mwishoni. Lililo kinyume hutiwa alama.

Kwa hiyo alama ile ndogo si pambo. Mwanafunzi akiiacha, aliyeimba ni mwingine, na wimbo wenyewe haujakwisha.